Kinu ni cha Nani? Habari za Viwanda vya Lancashire na Duka la Rochdale

Katika mikutano ya vyama vya msingi siku hizi swali la mashine halikosekani. Chama kimoja chataka kinu cha kukamua alizeti, kingine chataka mashine ya kukoboa mpunga, na cha tatu kimeletewa barua na mfanyabiashara ambaye yu tayari kuleta mtambo wake mwenyewe madhali apewe kiwanja na ahadi ya mazao. Wanachama hugawanyika. Wapo wasemao kwamba mashine ndiyo maendeleo yenyewe, na kila anayesita basi anasita kwa ujinga. Wapo pia, aghalabu wazee, wasemao kwamba mashine huanza kwa kumpunguzia mtu kazi na huishia kwa kumnyang'anya kazi yenyewe. Mwandishi wa makala haya amezisikiliza pande zote mbili katika vikao kadhaa, na ameona kwamba zote zina kosa moja: zinaisema mashine kana kwamba ina nia yake.

Nchi ya kwanza kuingia katika uchumi wa viwanda ilikuwa Uingereza, na kazi iliyotangulia mbele ya nyingine ilikuwa ya pamba, katika jimbo la Lancashire. Mambo yaliyowapata watu wa huko kati ya miaka ya 1760 na 1860 yanatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, kanuni tunazosomewa kila mwaka katika mkutano mkuu, yaani kila mwanachama kura moja, ziada kugawanywa kwa kadiri ya biashara ambayo mwanachama amefanya na chama, na fungu la elimu, zilipata umbo lake katika mji wa Rochdale, uliokuwa wakati ule katika jimbo hilo. Pili, pamba iliyolisha viwanda vile haikuota Lancashire. Ilitoka kwa wakulima wa nchi za mbali, na baada ya muda ikaja kutafutwa kwetu.

NYUMBA YA MFUMAJI

Kabla ya viwanda, nguo ilitengenezwa nyumbani. Watoto waliisafisha na kuichambua pamba, mama na mabinti walisokota uzi, na baba alikaa kwenye kitanda cha mfumi. Familia nyingi zilikuwa na bustani au kipande cha shamba nyuma ya nyumba. Mfumaji aliamka apendapo, akafanya kazi usiku apendapo, na wengi walikuwa na desturi ya kupumzika Jumatatu na kuifidia siku hiyo mwishoni mwa juma. Tusiyapambe maisha hayo kupita kiasi. Mwenye mali alikuwa mfanyabiashara aliyeleta pamba au uzi na kuchukua nguo; yeye ndiye aliyepanga bei, na alijua kukata fedha kwa kisingizio cha doa au pindo lililopinda. Lakini chombo cha kazi kilikuwa cha mfumaji, na saa zilikuwa zake.

Shida ya kazi hiyo ilikuwa uzi. Mfumaji mmoja aliweza kumaliza uzi wa wasokotaji kadhaa, na mara nyingi alikaa bure akiungojea. Ndipo katika miaka ya 1760 James Hargreaves, mfumaji wa Lancashire, akabuni mashine ndogo iliyosokota nyuzi nyingi kwa mara moja. Mwaka 1769 Richard Arkwright alipata hataza ya mashine nyingine iliyohitaji nguvu ya maji, na mwaka 1771 akaanza kujenga kiwanda chake Cromford kando ya mto. Mwaka 1779 Samuel Crompton aliunganisha sifa za mashine hizo mbili katika moja, akatoa uzi mwembamba na imara. Injini ya mvuke ya James Watt ilipotengenezwa kuzungusha magurudumu, kiwanda hakikuhitaji tena kukaa mtoni. Kilihamia mjini, penye makaa ya mawe na watu.

Hapa kuna jambo ambalo husahauliwa. Mashine za kusokota hazikumdhuru mfumaji mwanzoni, zilimneemesha. Uzi ulijaa tele, na nguo ilikuwa bado inafumwa kwa mkono, hivyo wafumaji wakatafutwa kila kijiji na malipo yao yakapanda. Waliodhurika kwanza ni wanawake wasokotaji, ambao kipato chao cha nyumbani kilikauka katika muda wa miaka michache, wala hakuna aliyewaandikia kitabu. Kwa wafumaji zilikuwa siku za neema. Wakulima wadogo waliacha jembe wakanunua vitanda vya mfumi. Vijana waliingia kazini kwa maelfu.

Wingi huo ndio uliowaangamiza. Kazi hiyo ilijifunzwa upesi, kila mfumaji alikuwa peke yake nyumbani kwake, na mfanyabiashara aliyetaka kupunguza bei alipita nyumba kwa nyumba hadi akampata mwenye njaa kuliko wenzake. Malipo yakaanza kushuka kabla mashine ya kufumia haijaenea. Edmund Cartwright aliibuni mwaka 1785, lakini mwaka 1813 yakadiriwa mashine za namna hiyo hazikuzidi 2,400 katika Uingereza nzima. Mwaka 1808 wafumaji walikuwa wameshalipelekea Bunge maombi ya kuwekewa kima cha chini cha malipo. Bunge lilikataa. Miaka minne baadaye lilipitisha sheria ya adhabu ya kifo kwa watu wanaovunja mitambo ya kufumia, kwa maana katika majimbo ya kati na ya kaskazini mafundi walikuwa wameanza kuivunja usiku kwa nyundo.

Kufikia mwaka 1833 mashine za kufumia zilikuwa zimefika takriban 100,000. Mfumaji wa Bolton ambaye mwanzoni mwa karne aliweza kupata zaidi ya shilingi 20 kwa juma, katika miaka ya 1830 alipata kama shilingi 6, kwa saa nyingi zaidi. Kwa hiyo mashine ilikuja kumaliza kazi ambayo mashindano ya bei yalikuwa yameianza. Msomaji aliyeuza mazao yake shambani kwa mchuuzi, peke yake, mwezi wa njaa, hahitaji kuelezwa zaidi.

KENGELE YA KIWANDA

Watoto wa wafumaji hao waliingia kiwandani. Walipoingia walikuta jambo geni kuliko mashine yenyewe, nalo ni saa. Kengele ililia kabla ya mapambazuko, lango likafungwa, na aliyechelewa alikatwa sehemu ya mshahara. Kulikuwa na faini ya kufungua dirisha, faini ya kupiga mluzi, faini ya kuzungumza. Saa 12 na 13 za kazi kwa siku zilikuwa jambo la kawaida. Kazi ambayo zamani mzazi aliisimamia mwenyewe nyumbani, sasa msimamizi mgeni aliisimamia, na mtoto mdogo alitambaa chini ya mashine zinazokwenda ili kuokota mabaki ya pamba.

Wenye viwanda walipendelea watoto na wanawake kwa sababu mshahara wao ulikuwa mdogo. Kwa hiyo katika nyumba nyingi baba, ambaye mikono yake ilizoea kitanda cha mfumi, alikaa bila kazi ilhali binti yake wa miaka kumi na minne alikuwa ndiye mlishaji. Wazee wa wakati ule waliliona hilo kuwa aibu kuu, na yamkini walikosea kulilaumu hilo kuliko mengine. Binti aliyepokea mshahara wake mkononi alipata sauti ambayo mama yake msokotaji hakuwa nayo. Mambo ya namna hii hayaingii vizuri katika mizani ya hasara na faida, lakini yalikuwa kweli.

Miji ilikua kupita uwezo wake. Manchester ilikuwa na watu wasiofika 100,000 mwaka 1801. Mwaka 1851 ilikuwa na zaidi ya 300,000. Nyumba zilijengwa zikigeuziana migongo, bila maji na bila vyoo vya kutosha, na familia nzima zilikaa katika vyumba vya chini ya ardhi. Mwaka 1842 Edwin Chadwick alitoa ripoti juu ya afya ya watu wa kazi. Ndani yake alionyesha kwamba katika Manchester wastani wa umri wa kufa kwa wafanyakazi na jamaa zao ulikuwa miaka 17, ilhali katika Rutland, wilaya ya mashamba, ulikuwa miaka 38. Haina maana kwamba watu wa Manchester walikufa wakiwa vijana wa miaka 17. Maana yake ni kwamba watoto wachanga walikufa kwa wingi mno hata wakaushusha wastani. Linalostahili kuangaliwa zaidi katika ripoti hiyo ni hili: umri huohuo wa miaka 38 ndio uliokuwa wa matajiri wa Manchester. Yaani kibarua wa shamba, kwa mshahara wake mdogo, aliishi kadiri ya tajiri wa mjini.

Upande wa pili nao usifichwe. Nguo ya pamba, ambayo babu wa watu hawa aliiona kwa wenye mali tu, ilishuka bei hata mtumishi wa nyumbani akaweza kuwa na ya kubadilisha na kufua. Na sheria zilikuja, ingawa kwa kusuasua. Sheria ya mwaka 1833 ilikataza kuajiri watoto chini ya miaka 9 katika viwanda vingi vya nguo, ikaweka kikomo cha saa 48 kwa juma kwa wale wa chini ya miaka 13, na, lililo kubwa zaidi, ikaweka wakaguzi. Walikuwa wanne tu kwa nchi nzima. Mwaka 1847 ikapitishwa sheria ya saa 10 kwa wanawake na vijana, na aliyeisukuma Bungeni alikuwa John Fielden, ambaye mwenyewe alikuwa mwenye kiwanda cha pamba. Alikuwa mmoja, wenzake wengi walitabiri kwamba saa 10 zitaiua biashara, na biashara haikufa.

MSHAHARA ULIVYOVUJIA DUKANI

Sasa tufike Rochdale, mji wa wafumaji wa blanketi na nguo nzito za sufi, pamoja na viwanda vya pamba. Watu wa mji huu walijaribu njia nyingi. Waligoma, wakashindwa. Waliandika maombi Bungeni, wakashindwa. Mwaka 1833 baadhi yao walifungua duka la ushirika, na mwaka 1835 likafungwa kwa sababu lilikopesha na wanachama hawakulipa. Kila katibu anayesoma hapa na atulie kidogo juu ya sentensi hiyo.

Ni kwa nini duka? Mtu angedhani kwamba watu walioumizwa na kiwanda wangeanza na kiwanda. Lakini mshahara uliopunguzwa kazini ulipunguzwa tena dukani. Waajiri wengine walilipa kwa bidhaa za duka lao wenyewe badala ya fedha, kwa bei waipendayo. Sheria ya mwaka 1831 ilikataza jambo hilo, na wengi waliendelea nalo kwa siri. Wenye maduka binafsi waliwafunga watu kwa deni: anayedaiwa hawezi kuhamia duka jingine. Mizani zilikuwa za udanganyifu. Na chakula chenyewe kilichanganywa uchafu. Unga ulitiwa shabu iliyosagwa ili uonekane mweupe, na majani ya chai yaliyokwisha kutumika yalikaushwa, yakatiwa rangi na kuuzwa tena. Mtaalamu Arthur Hill Hassall alipoipima sampuli baada ya sampuli jijini London katika miaka ya 1850, matokeo yake yaliushtua umma na kuleta sheria ya kwanza ya jumla dhidi ya uchanganyaji huo, mwaka 1860.

Watu 28 wa Rochdale, baadhi yao wafumaji, wengine mafundi wa kazi mbalimbali, walichanga peni 2 kwa juma, baadaye 3, hadi wakapata pauni 28. Chama chao kiliandikishwa tarehe 24 Oktoba 1844, na duka likafunguliwa jioni ya tarehe 21 Desemba katika nyumba namba 31, Toad Lane. Rafu zilikuwa na siagi kidogo, sukari, unga wa ngano, unga wa uji na mishumaa. Yasemekana vijana wa mtaani walisimama nje wakicheka.

Mambo waliyoyaweka yalikuwa machache na makali. Hakuna mkopo, aliyekuja bila fedha alirudi bila unga. Bidhaa ziwe safi na vipimo viwe kamili. Hisa zilipwe riba yenye kikomo, na riba hiyo ikawa asilimia 5. Ziada inayobaki igawanywe kwa kadiri ya manunuzi. Tuseme mwanachama alinunua bidhaa za pauni 10 katika robo mwaka, na ziada ikatosha shilingi 1 kwa kila pauni: hupata shilingi 10, yaani nusu ya pauni, kwa maana pauni ile ilikuwa na shilingi 20. Aliyenunua za pauni 2 hupata shilingi 2, hata kama ana hisa nyingi kuliko wenzake. Fedha hiyo wengi waliiacha chamani, na kwa watu ambao hawajapata kuweka akiba maishani, akiba ikaanza kujiweka yenyewe kwa kula tu. Kura ilikuwa moja kwa kila mwanachama, na wanawake waliruhusiwa kuwa wanachama kwa haki zao wenyewe tangu miaka ya mwanzo, wakati ambapo sheria ya nchi haikumtambua mke kuwa mwenye mali.

Mwisho wa mwaka 1845 wanachama walikuwa 74. Mwaka 1850 walikuwa 600, na mwaka 1860 walikuwa 3,450. Chama kilikuwa na chumba cha kusomea magazeti na maktaba, na fungu la asilimia mbili na nusu ya ziada lilitengwa kwa elimu.

KURA YA MWAKA 1862

Baada ya duka walikwenda kwenye mashine. Mwaka 1850 walianzisha chama cha kinu cha kusagia nafaka. Mwanzoni kilipata hasara, na sababu mojawapo ni ya kusikitisha: unga wao safi haukuwa mweupe kama ule wenye shabu, na wanunuzi, waliokwisha kuzoea weupe wa uongo, waliudhania kuwa mbaya. Ilichukua muda kuwafundisha watu rangi ya unga halisi. Kinu kikasimama, kikaendelea.

Mwaka 1854 wakaanzisha jambo walilolitamani tangu awali, kiwanda chao cha kusokota na kufuma pamba. Hapa mfanyakazi hakuwa kibarua tu. Baada ya kulipa riba ya hisa, ziada iligawanywa kati ya wenye hisa na wafanyakazi, kila mfanyakazi kwa kadiri ya mshahara wake. Kazi ikastawi. Wakataka kiwanda kikubwa zaidi, na kiwanda kikubwa kinahitaji mtaji mkubwa, basi wakafungua mlango wa hisa kwa kila mwenye fedha. Watu wa mji waliingia kwa mamia. Wengi wao walikuwa watu wa kawaida, wafanyakazi wa viwanda vingine na wenye maduka madogo, walioona kwamba hapa akiba yao italipa. Hawakuwa wafanyakazi wa kiwanda hicho, na hawakuwa na sababu ya kupenda ziada igawanywe kwa wengine.

Wakaanza kupiga kura za kulifuta gawio la wafanyakazi. Mwaka 1862 walifaulu. Kwa hiyo kiwanda kilichoanzishwa na washirika kikawa kampuni ya kawaida, kwa mkutano halali, na bila mtu kuiba hata peni moja. Waanzilishi walikuwemo ukumbini, wakapinga, wakashindwa kwa hesabu ya mikono. Makosa hayakuwa katika mashine, na, tukisema kweli, hata katika tabia za wale wapya hayakuwa makubwa. Walifanya kama wenye hisa wafanyavyo. Kosa lilifanyika miaka kadhaa nyuma, siku ile walipoamua ni nani anaweza kuwa mwanachama, na kwa haraka ya kutafuta mtaji hawakuona kwamba wanaamua jambo kubwa.

Vyama vya maduka vilijifunza. Mwaka 1863 vilianzisha chama kikuu cha ununuzi wa jumla, chenye makao Manchester, ambacho wanachama wake walikuwa vyama vyenyewe na si watu wa nje. Kutoka mwaka 1873 chama hicho kikawa na viwanda vyake vya biskuti na viatu. Mfanyakazi wa viwanda hivyo hakupata gawio kama walivyotaka waanzilishi wa Rochdale, nalo likawa jambo la ugomvi kwa miaka mingi. Lakini umiliki haukutoka mikononi mwa vyama.

PAMBA YATAFUTWA KWETU

Mwaka uleule wa 1862 Lancashire ilikuwa katika njaa. Sehemu kubwa ya pamba yake ililimwa na watumwa katika majimbo ya kusini ya Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka huko mwaka 1861, bandari za kusini zikazingirwa, na viwanda vikakosa malighafi. Kufikia mwisho wa mwaka 1862 karibu watu nusu milioni katika wilaya za pamba waliishi kwa msaada. Vita hivyo viligusa hata pwani yetu. Tangu miaka ya 1830 wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, walikuwa wakileta Unguja kitambaa cha pamba kigumu, na hadi leo tunakiita merikani. Vita vilipokatiza shehena hizo, nguo za Uingereza na za Bombay zikachukua nafasi.

Nguo hizo za viwandani zilipopenya bara zilikutana na wafumaji wetu. Ufipa na bonde la Rufiji kulikuwa na watu waliolima pamba, wakaisokota na kuifuma kwa mkono, nguo nzito iliyodumu. Yaliyompata mfumaji wa Bolton yaliwapata na wao, ila kwao kiwanda kilikuwa ng'ambo ya bahari. Mtoto wa mfumaji wa Bolton alipoteza kitanda cha baba yake akapata, kwa ubaya wote wa kengele na faini, mshahara wa kiwandani. Mtoto wa mfumaji wa Ufipa alipoteza vilevile, asipate kiwanda.

Badala yake alitakiwa kulima pamba. Mwaka 1902 iliundwa Manchester jumuiya ya kueneza kilimo cha pamba katika makoloni ya Uingereza, ili viwanda visitegemee tena Marekani pekee. Uganda ilianza kulima kwa ajili ya soko hilo katika miaka iliyofuata. Wajerumani nao, kwa viwanda vyao, waliwalazimisha watu wa kusini mwa Tanganyika ya leo kulima mashamba ya pamba ya pamoja kwa malipo duni. Mwezi Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waliing'oa miche ya pamba, na vita vya Maji Maji vikaanza.

Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walipojipanga, mwanzoni mwa miaka ya 1950, nao hawakuanza na kiwanda. Walianza na mizani. Malalamiko yao yalikuwa kwamba wanunuzi waliwapunja katika kupima, basi wakaweka wapimaji wao. Kutoka hapo vikaja vyama vya msingi, na mwaka 1955 Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Ndipo likaja swali la vinu vya kuchambulia.

Katibu asiyetoka sehemu za pamba na aangalie hesabu hii. Kilo 100 za pamba mbegu, zikipita kinuni, hutoa takriban theluthi moja ya pamba nyuzi, ambayo hufungwa marobota na kuuzwa. Sehemu kubwa ya uzito unaobaki ni mbegu. Mbegu hiyo hutoa mafuta ya kupikia, mashudu ya mifugo, na mbegu ya kupanda msimu ujao. Mkulima anayeuza pamba mbegu kwenye mizani kisha akaenda zake amelipwa kwa vyote hivyo au kwa sehemu tu, na hawezi kujua ni kwa vipi, kwa sababu hesabu ya vyote hivyo inafanywa ndani ya kinu. Kwa ajili hiyo Shirikisho lilijitahidi kumiliki vinu, na lilifaulu kwa namna iliyowashangaza wengi.

Yaliyofuata hayafurahishi, lakini ni yetu. Tume maalumu ya Serikali ya Tanzania iliyochunguza vyama vya ushirika mwaka 1966 ilikuta wanachama wasiokijua chama chao, uhaba wa watu wenye ujuzi wa kazi, na kuingiliwa na wanasiasa. Vinu vilikuwa vya wanachama kwa jina, ilhali mwanachama hakuweza kusoma mizania wala kuuliza swali juu yake. Hivyo vyama vikuu vilipofutwa mwaka 1976, sehemu nyingi hapakuwa na mwanachama aliyesimama mbele ya lango la kinu kusema kwamba hiki ni changu. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha. Katika miaka ya 1990 soko lilipofunguliwa, vinu binafsi vilizidi kuwa vingi, na viwanda vya nguo vilivyoanzishwa mwaka 1968, Urafiki wa Dar es Salaam na Mwatex wa Mwanza, viliingia katika matatizo makubwa. Sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania bado husafirishwa nje kabla ya kusokotwa.

Turudi kwa kile chama kilicholetewa barua na mfanyabiashara wa mashine ya alizeti. Katibu wake alimwonyesha mwandishi rasimu ya mkataba. Ilitaja bei ya kilo ya mbegu, ukubwa wa kiwanja, na muda wa miaka kumi. Ilitaja pia kwamba baada ya mwaka wa tatu wanachama "wataweza kununua hisa", bila kusema kiasi gani, wala kura ngapi. Mafuta yaliandikiwa kifungu kirefu. Mashudu, ambayo wafugaji wa wilaya hiyo huyanunua kwa foleni wakati wa kiangazi, hayakutajwa popote katika kurasa nne. Kamati imeirudisha rasimu kwa mwenyewe pamoja na barua ya maswali sita, na mkutano mkuu umeahirishwa mpaka majibu yafike.